Anayeuliza na Asubiri Jibu



Mwaka jana, hapa Kisugu, mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wetu aliomba kila nyumba ichangie shilingi 5,000 za kuzibua mtaro kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyeandika katika kundi la WhatsApp: "Wote ni wale wale, watakula." Watu wakacheka, na wengi hawakutoa. Mvua iliponyesha, maji yaliingia kwa mama mmoja muuza chapati, yakamharibia unga wote. Ndipo nilipokwenda kwa mwenyekiti. Daftari lilikuwa mezani: majina ya waliotoa, risiti na salio. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Mimi sikuomba kuliona.

Sisemi shaka yetu haina sababu. Tumezaliwa na kukua chini ya rais mmoja, aliyeshika madaraka Januari 1986. Mwaka 2005 ukomo wa vipindi viwili uliondolewa katika katiba. Mwaka 2017 ukafuata ukomo wa umri wa miaka 75. Januari 2021 tulipiga kura intaneti ikiwa imezimwa. Hata uchaguzi wa LC1 ulikaa miaka 17 bila kuitishwa, tangu 2001 hadi Julai 2018. Aliyeona haya akapoteza imani na serikali si mjinga.

Swali ni hili: Muislamu, aliyeambiwa kuwa ni wa umma wa wastani, aifanyeje shaka yake? Wapo wanaosema wastani ni kunyamaza na kuwaachia wanasiasa siasa zao. Wapo wanaosema wastani ni woga uliovishwa kanzu. Naona wote wamekosea jambo moja: wanadhani wastani ni kusimama katikati ya haki na dhuluma. Hapo hapana pa kusimama. Wafasiri wamelieleza neno wasat kuwa ni uadilifu, na mwadilifu hahukumu kabla ya kusikia.

Husimuliwa kwamba Sayyidna Umar ibn al-Khattab alipanda mimbari akiwa amevaa nguo kubwa kuliko fungu la kitambaa alilopata kila mtu. Mtu mmoja akamkatalia utiifu mbele ya watu mpaka aeleze. Umar hakumkamata. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akashuhudia kwamba alimpa baba yake fungu lake. Muulizaji akaridhika, akasema sasa atasikiliza.

Tunapenda kuusifu ujasiri wa yule mtu. Tunasahau kwamba aliuliza, kisha akasubiri jibu. Anayeamini kila kitu na anayeshuku kila kitu ni ndugu: wote wawili hawafungui daftari.

Na daftari likifichwa je? Basi tuulize tena, hadharani, kwa ushahidi. Huko si kuvuka mipaka. Uongozi ni amana, na mzigo wa kuthibitisha uaminifu uko juu ya aliyeibeba, si juu ya anayeuliza. Mtawala anayekataa kujibu amejishuhudia mwenyewe, na hapo shaka yetu si dhana tupu tena. Lakini haki ya kusema hivyo tunaipata baada ya kuuliza.

Yule mama nilimlipa unga wake na kumwomba radhi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, wewe msomi, hata kuuliza ulishindwa?" Sikuwa na jibu.

Wallahu a'lam.