Uso wa Mtu Asiyejua Kuwa Anatazamwa

Mtu akielekezewa kamera hujiweka sawa: hunyoosha shati, hukaza shingo, huvaa uso wa sikukuu. Wataalamu wa saikolojia wanatufundisha ya kwamba kule kujua tu kuwa tunatazamwa kunaweza kuugeuza mwenendo wetu. Ndiyo sababu baadhi ya wapiga picha waliona kwamba, ili kuyapata maisha ya kila siku jinsi yalivyo, hawana budi kumpiga mtu picha bila ya yeye kujua.

Mmoja wao alikuwa Walker Evans wa Marekani. Kati ya mwaka 1938 na 1941 alisafiri katika treni za chini ya ardhi mjini New York, kamera ameificha ndani ya koti, jicho lake likichungulia kati ya vifungo. Aliwapiga picha abiria waliomkabili, kila mmoja akiwaza yake. Kitabu cha picha hizo hakikutoka mpaka 1966.

Je, alitenda haki? Wako watakaosema kwamba hakuona zaidi ya alivyoona kila abiria aliyeketi pale. Lakini jicho la abiria husahau. Picha hubaki, na aliyemo hana nafasi ya kujieleza. Hapo ndipo wajibu unapotuangukia sisi watazamaji.

Tunapoutazama uso ule twasema: "Huyu ana huzuni." Tumejuaje? Lev Kuleshov, mtengenezaji wa filamu wa Urusi, alipata kusimulia jaribio lake la yapata 1920. Aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na sahani ya supu, kisha na maiti ndani ya jeneza. Watazamaji wakaona njaa, kisha wakaona majonzi, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Kumbe majonzi waliyaleta wao wenyewe.

Nasi walimu tujiulize. Ni mara ngapi tumewapa wanafunzi picha ya mama aliyeketi sokoni, tukawaamuru waeleze mawazo yake? Tuwafundishe kwanza kutenganisha "ameinamisha kichwa" na "amekata tamaa". Sentensi ya kwanza ni ushahidi. Ya pili ni dhana, nayo yadai "huenda" au "yamkini". Maneno haya tunayo. Kuyaacha ni kumsemea mtu ambaye hakututuma, wala hayupo kutukanusha. Usilolijua ni usiku wa kiza.