Shukeni Pamoja, Mpande Pamoja

Majira ya kuchipua mwaka 2009, Nives Meroi na mumewe Romano Benet, Waitalia, walikuwa wakipanda mlima Kangchenjunga wenye theluji, huko Himalaya. Mke alitazamia kuwa mwanamke wa kwanza kufika vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000. Njiani mume akaishiwa nguvu. Mke angeweza kumwacha hemani. Alishuka naye, na wengine wakamtangulia. Mume alikuwa na ugonjwa wa damu, akapandikizwa uboho mara mbili. Mwaka 2014 walirudi wakafika kileleni. Mei 2017 wakamaliza vilele vyote, wawili pamoja.

Baba, mama, ndivyo tulivyoahidi altareni: katika afya na magonjwa. Je, biashara au cheo kimekufanya umwache mwenzako nyuma? Leo jioni shuka, umshike mkono.