Ua la Mtufaha na Jicho la Kamera

Mwanafunzi wetu mmoja aishiye Uingereza ametuletea suala. Kila Aprili, mtufaha wa bustani yake uchanuapo, huyapiga picha maua yake kwa lenzi kongwe ya Kirusi, Helios ya milimita 58. Lenzi hiyo hulidhihirisha ua moja, na majani ya nyuma yakaonekana yanazunguka kama maji ya kizingia. Auliza: je, huu si uongo?

Ama uhalali wa picha ya ua, hauna haja ya maneno mengi. Ibn Abbas, Allah amridhie, alimruhusu mchoraji kuchora miti na visivyo na roho. Na Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliiona picha ya kamera kuwa ni kukizuia kivuli tu, wala si kuumba. Suala la uongo ndilo zito.

Jicho nalo likikazia ua haliyaoni barabara majani ya nyuma, na hatuliiti jicho mwongo. Lakini jicho haliyazungushi. Basi asemaye, “Ndivyo bustani yangu ilivyo,” amedanganya. Asemaye, “Ndivyo lenzi ilivyoionyesha,” amesema kweli.

Lililotutia hofu ni jingine, alilolitaja kwa kupitia: maua hayo hudumu siku chache, naye mwaka huu hakuyatazama ila kwa kamera. Na Qurani, Suratul An‘am aya ya 99, yatuamrisha kuyatazama matunda ya miti izaapo. Tumemjibu: Mwanangu, piga picha moja, kisha iweke kamera ndani, ukae chini ya mti mpaka Adhuhuri.