Mkanda Uliokatikia Kwetu

Juni mwaka jana kombaini ilikatika mkanda ndani ya jaruba la shangazi yangu, si mbali na Igawa. Ilikuwa imebaki kama nusu ekari. Mwenye mashine alifika kwa bodaboda, akainama, akatazama, akasema: "Mama, umekatikia kwako. Gharama tugawane nusu kwa nusu."

Wanaoijua Usangu wanazijua mashine hizi. Msimu wa mavuno malori huzishusha, nazo hukodishwa kwa ekari. Hazitembei kwa matairi, maana tairi lingezama kwenye tope. Zinatembea juu ya mikanda miwili mipana ya mpira inayotandaza uzito. Lakini mpira ni nguo tu. Nguvu imo ndani, katika nyaya za chuma zinazozunguka mkanda mzima. Mpira ukichanika, maji huingia, nyaya huota kutu, na mkanda huendelea kuonekana mzima mpaka siku unapokatika.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Kitu kilicholiwa na wengi, anayedaiwa ni nani? Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia. Kuna fumbo la kale la Wagiriki, linalonasibishwa na Eubulides wa Mileto: ukitoa punje moja kwenye lundo, lundo hubaki lundo, basi ni punje ipi inayolimaliza? Darasani nililiona mchezo. Pale kwenye tuta lilikuwa linadai pesa.

"Umekatikia kwako" ni hoja inayovutia kwa sababu ina mahali na saa. Lakini punje ya mwisho haina uzito kuliko ya kwanza. Tena, ndani ya bei ya kila ekari sehemu ya mkanda imo tayari. Waliovuna kabla yetu walilipa, nasi tulilipa. Mwenye mashine asiyeweka akiba ya sehemu hiyo ameula mkanda wake kabla haujakatika. Sheria ya kale ya bahari, ambayo Warumi waliihifadhi kwa jina la kisiwa cha Rhodes, ilisema mzigo ukitupwa majini ili kuokoa chombo, wenye mizigo wote wagawane hasara. Haikumwachia hasara yule ambaye gunia lake lilikuwa juu.

Ningeishia hapo, kama si jambo moja. Dereva alipokuwa anamalizia pembeni, mimi ndiye niliyempungia mkono ageukie karibu na mlango wa mfereji, tusiwaachie kwelea kwelea mpunga. Mlango ule una kona ya zege. Alisita. Nikampungia tena.

Fundi alipoufungua mkanda, nyaya nyingi zilikuwa za kahawia, zimekufa zamani. Chache zilimeta. Kutu haioti kwa mchana mmoja, lakini zile zilizometa zilikatika mbele ya macho yangu.

Nilimnong'oneza shangazi tunyamaze, kutu ingetutetea. Akasema, "Kutu ni ya kwake. Kona ni ya kwetu. Mwambie, mwanangu."

Nikamwambia. Kwa dakika kadhaa alidai mkanda mzima. Fundi akamwonyesha tena zile nyaya za kahawia, akanyamaza. Tukakubaliana magunia mawili ya mpunga. Nusu ekari iliyobaki tuliivuna kwa mundu.

Sijui kama magunia mawili ndiyo kipimo sahihi. Pengine lilitosha moja. Ninachoshikilia ni mambo mawili. Kuwa wa mwisho ni bahati mbaya, si kosa, na hakuna anayepaswa kulipia uchakavu wa wote kwa sababu tu ulionekana kwake. Na kosa halifutwi na uchakavu uliolitangulia. La kwanza nililiona upesi kwa sababu lilikuwa upande wangu. La pili ilibidi niambiwe.

Mkanda mpya ulipofika, fundi alishauri ibadilishwe yote miwili, kwa kuwa mpya ukiwa upande mmoja na uliolika upande wa pili, mashine huvuta kando. Mwenye mashine akasema msimu ujao. Akafunga mmoja, akaelekea kwa jirani.

Nilimtangulia. Nikamwonyesha dereva kona ya zege ya jirani, nikachomeka mti pale.