Vita na Mgongo wa Mchukuzi

Aliyezoea kutoka Tunduma asubuhi akavuka Nakonde kwa biashara zake na kurejea jioni aweza kudhani kwamba mpaka ule umekuwapo tangu dahari. Kumbe uliandikwa Berlin, tarehe 1 Julai 1890, na mabwana wa Kijerumani na Kiingereza walioigawa ardhi kwa kutazama ramani, nao ukapita hapa kwa kuwa Waingereza walikataa katakata kuiachia Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Wanamwanga wakajikuta hawa ni watu wa Kaizari na wale ni watu wa Malkia, ilhali babu zao ni wamoja; na vita vilipokuja vikawakuta pande mbili.

Ibn Khaldun, katika kitabu chake Mukadima alichokiandika mwaka 1377, ataja asili nne za vita: wivu wa majirani, tamaa ya kunyang'anya, ghera ya dini na ghera ya ufalme. Hesabu hiyo ni ya mwanachuoni mwenye busara, wala sina jeuri ya kuitangua. Lakini nikiipima kwa yaliyotokea kando ya mto Songwe, kwenye mpaka huo huo, naiona pungufu. Tarehe 9 Septemba 1914 jeshi la Wajerumani, lililoshuka kutoka Tukuyu na kuuvuka mto huo, lilipigana na Waingereza huko Karonga. Mndali aliyetwikwa sanduku la risasi katika vita vile alikuwa na wivu gani, au ghera ipi, juu ya mtu wa Karonga ambaye huenda alikuwa shemeji yake? Schnee, gavana wa Wajerumani, mwenyewe hakuvitaka vita. Aliyevitaka ni kamanda wake, Lettow-Vorbeck, na muradi wake ulikuwa kuyashughulisha majeshi ya Waingereza huku yasije yakapelekwa Ulaya. Yaani watu wafe Songwe ili wengine wapumue Ufaransa!

Mei 1916, Jenerali Northey wa Waingereza alipouvuka mpaka huu kuelekea Tukuyu na baadaye Iringa, hapakuwa na reli, na wanyama wa mizigo hawakustahimili mbung'o. Kila kitu kikapanda vichwani na mabegani mwa wale walioitwa tenga-tenga. Tuseme mtu abeba kilo 25 za unga, na posho yake ni kilo moja kwa siku: akienda mwendo wa siku kumi na kurudi, amekwisha kula kilo 20, na askari aliye mbele apokea tano tu. Ndipo ahitajika mchukuzi wa pili wa kumlisha wa kwanza, na wa tatu wa kumlisha wa pili, mpaka vijiji vikabaki na wazee na wanawake wa kulima. Upande wa Waingereza pekee yakadiriwa wachukuzi wasiopungua 95,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi.

Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba wivu na tamaa na ghera hueleza kwa nini mtawala avitaka vita, lakini hazielezi kwa nini vita vyawezekana. Vyawezekana pale tu anayeamua apatapo mgongo usio wake wa kuutwika uamuzi huo.

Swali la nani atwikwe uamuzi wa vita halikungoja wanafalsafa. Novemba 1914, baada ya Karonga, Mchungaji John Chilembwe wa Chiradzulu aliliandikia gazeti moja la Nyasaland akihoji kwa nini Waafrika maskini wafe katika jambo lisilowahusu, na akataka matajiri na wenye mashamba waende wao vitani. Serikali ya Waingereza ikalizuia toleo lile. Januari 1915 akaanzisha uasi dhidi ya serikali hiyo, na tarehe 3 Februari akauawa. Hapo hoja yangu yapata mtihani, kwani naye aliamuru, na wako waliokufa kwa amri yake. Ila yeye hakuamuru kutoka mbali, na hilo, ingawa halihalalishi damu aliyoimwaga, siwezi kuliita dogo.