Macho ya kutofautisha

Mwezi wa tatu na wa nne, kando ya ziwa Nakivale, vitwitwi wanashuka kwenye matope karibu na mafunjo. Wanakula mbiombio wanenepe, maana wanarudi kaskazini, hadi Skandinavia na Siberia, kuzaa. Kwa mtu anayepita na jerikani yake, wote ni wale wale, tundege twa matope.

Mimi nawatenga hivi. Anayetikisa mkia bila kupumzika, mwenye weupe unaopanda mbele ya bawa, ni wa kwanza. Wa pili ana miguu ya manjano na mstari mrefu mweupe juu ya jicho. Wa tatu ni mweusi-mweusi, mstari wake unaishia kwenye jicho. Akiruka, chini ya mabawa ni giza, na kwa yule wa pili ni kweupe. Ndiyo maana nangoja waruke. Huyo wa tatu, akifika kwao, hutaga katika kiota cha zamani cha ndege mwingine, juu ya mti. Mkimbizi kabisa!

Sasa mama mmoja jirani, wa Kivu kama mimi, akaniuliza: “Mwanangu, hayo macho ya kutafuta tofauti si ndiyo yaliyotumaliza?” Kweli. Kwenye barieri walitazama pua, urefu, namna ya kutamka neno.

Wengine wangesema, basi tusitofautishe watu. Jibu hilo silitaki. Hapa tumeshapewa jina moja, wakimbizi, Mkongo na Mrundi na Msomali gunia moja, fundi wa saa na mwalimu foleni moja, na naona jinsi jina hilo linavyomfuta mtu.

Nikamjibu kwamba yule wa barieri alikuwa na macho mavivu: alama moja, hukumu tayari. Kwenye matope alama moja haitoshi. Unangoja mguu, mstari, bawa, sauti. Ndege akijificha unaandika “kitwitwi” tu, unaenda zako.

“Na angekuwa na subira kama yako,” akasema, “angekuacha?”

Nikafikiri. Hapana, asingeniacha. Angenichunguza vizuri zaidi, basi.

“Kwa hiyo usinisifie macho makali. Niambie kwanza yanatafuta nini.”