Mkaa Usio na Moshi

Katika kaya moja ya Nkwenda, wilayani Kyerwa, baba alikuwa na jibu moja kila alipoambiwa anunue taa ya sola: "Umeme utarudi tu." Kaya hii ni ya hadithi, lakini kina baba wa namna hiyo tunawajua.

Jioni moja ya Novemba mvua ya mawe ilipiga bati mpaka watu wakashindwa kusikilizana. Upepo ukaangusha mkaratusi juu ya nyaya, kijiji kizima kikazama gizani. Laini ya Karagwe na Kyerwa hutoka mbali, ikipanda vilima na kukatisha mashamba ya migomba. Mti ukiilalia popote njiani, wengi hukosa umeme, na mafundi hulazimika kuifuata kwa njia zilizojaa tope. Simu ya baba ilikuwa imebakiza chaji kidogo, ikazimika. Friji lenye senene likawa linafunguliwa kila mara "kuangalia kama bado wameganda". Lingeachwa limefungwa, lingetunza baridi kwa saa nne hivi.

Hayo yalikuwa madogo. Usiku baridi ilipozidi, mke aliingiza jiko la mkaa chumbani walimokuwa wamelala watoto.

"Mwanangu, hilo jiko si la nje?" mama mkwe aliuliza.

"Moshi umeisha, mama. Yamebaki makaa mekundu tu."

Dirisha likafungwa.

Mkaa uliokolea hauna moshi, lakini bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kilichowaokoa ni mtoto mkubwa kushtuka usiku kichwa kikimgonga, akatapika mlangoni. Wakafungua milango, wakawatoa wadogo barazani wapate hewa, kisha wakawakimbiza hospitali. Wote walipona.

Kulipokucha, kijana wa nyumba hiyo alikuta waya umelala kwenye migomba, akachukua fimbo ausogeze. Bibi akampigia kelele: "Mjukuu wangu, rudi! Nani kakwambia umekufa huo?" Alikuwa sahihi: waya ulioanguka huhesabiwa una umeme mpaka fundi aseme vinginevyo, na fimbo iliyolowa hupitisha umeme. Lakini kuwaita TANESCO ilibidi waombe simu kwa jirani, yule aliyenunua taa ya sola yenye sehemu ya kuchajia.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya masika ya Machi na mvua za vuli, nunua taa ya sola japo ndogo. Chaji simu wingu linapoanza kutanda. Andika namba ya TANESCO ukutani. Mti unaoegemea nyaya usiukate mwenyewe, toa taarifa. Weka mablanketi ya kutosha karibu. Na jiko la mkaa libaki nje, hata baridi iume vipi.